Ipo, Haipo, Inakuja

12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii umesimama mlangoni na koti la kazi mwilini, kwa hiyo kaa kwanza. Mimi mzima. Mafua ya mwezi uliopita yamekwisha na ninakula vizuri, usiniulize tena. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia ukuta wa jengo la pili. Goti lako linasemaje? Msalimie jirani yetu mshonaji, mwambie sketi aliyonishonea bado inanitosha, mradi nisikae ghafla.

Ningekupigia simu, lakini tangu yako izame kwenye pipa la oili ukakataa kununua nyingine, imebaki ya jirani. Nikipiga kwake unakuja mbio, unasema "tuko salama", unamrudishia mwenyewe simu yake. Ndiyo maana naandika.

Nimehamishiwa kwenye roboti. Ghala letu la dawa limeleta toroli zinazojiendesha, pamoja na mkono wa chuma unaopokea maboksi na kuyapanga kwenye rafu, na mimi ni mmoja wa wanaoziandikia programu. Nilidhani roboti ina kichwa kimoja kinachoamrisha kila kitu. Kumbe ndani mna vipande vingi vya programu, kila kimoja na kazi yake, na kimoja hakijui cha mwenzake mpaka kiulize. Kinatuma ombi, kinasubiri, kinaletewa jibu.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kitoto. Kipande kimoja kinatuma namba mbili, kingine kinazijumlisha na kurudisha jibu. Nilituma nne na tisa, ikarudi kumi na tatu, nikafurahi utadhani nimeokota kitu. Lakini ukiwasha kile kinachouliza kabla ya kile kinachojibu, skrini inaandika kila sekunde: "Huduma haijapatikana, nasubiri tena." Mstari juu ya mstari, mpaka skrini ijae. Niliuangalia ukijiandika, mwenzangu wa nyaya, fundi wetu wa umeme, akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimekumbuka dirisha lako la stoo kule karakana, mafundi wamejipanga na fomu zao mkononi, na mimi chini yake kwenye stuli yangu, nimetoka shule, nakuuliza kila kitu kinaitwaje.

Nani anakalia ile stuli siku hizi?

Mpwa wako,
Mama Maswali


6 Februari

Kwa Mama Maswali,

Marahaba, mpwa wangu. Nimeisoma nimekaa, baada ya kuisoma nimesimama. Goti ni goti, likisikia mvua linaanza kupiga makelele kabla ya bati. Jirani anakusalimu na anasema sketi ikibana urudishe vipimo, asije akalaumiwa yeye kwa mambo ya mkate. Mzima mimi, nyumba nzima, yule paka asiye wetu bado anakula kwetu.

Usishangae karatasi. Upande wa pili ni fomu ya fundi breki, ilimwagikiwa chai ikawa haina kazi. Fomu safi ni mali ya kazi, na mali ya kazi haiandikiwi barua, hilo unalijua tangu ulipotaka kunichorea nyumba juu yake nikakunyima.

Sasa hayo ya roboti nimeyasoma mara mbili, nikacheka. Miaka yote hiyo umesomeshwa, ukaenda mbali huko ili uje kuambiwa kazi yangu? Fundi anajaza nusu ya juu ya fomu: anataka nini, ngapi, kwa mashine gani. Anaipitisha dirishani. Mimi najaza nusu ya chini namrudishia. Yeye haoni rafu zangu na mimi sioni mashine yake, tunaonana kwa fomu. Akiniletea fomu haina namba ya kifaa, simjibu kitu, namrudishia akaijaze. Hiyo roboti yako ni mimi na goti zima.

Ila kuna kitu kimoja hawajakwambia. Zamani fomu zetu zilikuwa na majibu mawili tu, Ipo na Haipo. Fundi akiona Haipo anakwenda zake kuchonga kitu chake cha ovyo, kumbe kile alichotaka kiko kwenye gari kinakuja. Mimi nikaongeza kisanduku cha tatu kwa kalamu ya risasi: Inakuja. Baadaye wakakichapa kabisa. Lakini sharti lake, ukitia alama Inakuja lazima uandike tarehe. Inakuja isiyo na tarehe ni uongo wa kumwondoa mtu dirishani.

Stuli yako inakaliwa na kopo la grisi. Halina maswali mengi.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za huko na za paka asiye wetu? Huku salama. Maji yalikatika siku mbili, tukawa tunateremka na ndoo ngazi zote tatu, nikakumbuka ulivyokuwa ukinibebea ndoo yangu halafu unaniacha niingie nayo ndani mwenyewe ili nionekane nimeichota mimi.

Kopo la grisi limenitia wivu.

Kisanduku chako kimeingia kwenye roboti, Mjomba. Sikutanii. Toroli yetu ikifika inauuliza mkono, "Nafasi ipo?" Mkono ulikuwa unajibu ndiyo au hapana tu. Ukisema hapana, toroli inageuza na kurudisha dawa mwisho wa ghala, wakati mkono ungemaliza boksi lake baada ya sekunde kumi. Nikaongeza jibu la tatu: inakuja, subiri sekunde kadhaa. Bosi aliuliza nimelitoa kwenye kitabu gani. Nikamwambia limetoka kwa mjomba wangu, mtunza stoo wa karakana. Alidhani ni kampuni.

Sasa nina jambo, na nimelizungushia maneno ukurasa mzima kwa sababu ni gumu. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Agosti. Wananipa mwingine wa miaka mitatu. Wanataka jibu kabla ya jioni ya tarehe 15 Agosti.

Siku naondoka, pale kwenye ngazi ya basi, ulinishika bega ukasema, "Usije ukarudi kwa ajili yangu. Ukirudi kwa ajili yangu sikufungulii mlango." Nimekaa na maneno hayo mwaka wa pili huu. Sijui kama ulikuwa unanipa moyo au ulikuwa unanifungia kweli. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi: nirudi au nibaki?

Mama Maswali


2 Aprili

Kwa Mama Maswali,

Marahaba. Barua imefika, haina hata kunyanzi. Kwetu salama. Bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja pale pale ulipoweka sufuria mwaka ule, nimeweka sufuria ile ile. Jirani ameshona mapazia mapya, anataka kila mtu ayaone, nimeyaona mara nne. Paka amezaa, na watoto wake pia si wetu.

Nimefurahi kisanduku kimepata kazi ya pili. Mwambie bosi wako kampuni inapokea shukrani.

Kazi inaendelea kama kawaida.

Kuhusu yale mengine, wewe ni mtu mzima sasa. Vaa soksi, sakafu za maghala ni baridi.

Mjomba wako


28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimevaa soksi.

Barua yako niliisoma haraka, kisha nikaigeuza kutafuta iliyobaki. Upande wa pili kulikuwa na fomu safi, haina doa, haina jina la fundi, nusu ya juu tupu na nusu ya chini tupu. Tangu lini mali ya kazi inaandikiwa barua? Uliwahi kuninyima karatasi moja nikiwa na miaka saba, nikalia mpaka nikalala. Unaumwa? Niambie kama unaumwa.

Huku nimeaibika. Walikuja wageni kuangalia roboti, watu wa suti, bosi akazungumza robo saa. Toroli ikaja vizuri na boksi lake, ikasimama mbele ya mkono, na mambo yakaishia hapo. Haikusogea. Mkono nao umeinuka nusu, umebaki hewani. Hakuna taa nyekundu, hakuna kosa lililoandikwa popote. Kila kipande nikikikagua peke yake ni kizima. Wageni walitazama, wakatazama saa zao, wakaenda kunywa chai.

Wiki nzima sijajua ni nini. Toroli ikifika inauambia mkono, "Pokea boksi," kisha inasimama kungoja jibu. Mkono, kabla haujashika, unataka kujua uzito, nao unaiuliza toroli, "Boksi lina kilo ngapi?" Kisha unasimama kungoja jibu. Maombi yote mawili nayaona yametumwa. Majibu hayaji, na hakuna aliyeharibika. Mwenzangu wa nyaya anasema ni nyaya, maana kwake hata mvua ni nyaya. Bosi amenipa mpaka katikati ya Juni.

Na lile swali langu bado liko pale pale nilipoliweka.

Mama Maswali


24 Mei

Kwa Mama Maswali,

Marahaba. Siumwi, acha kunitafutia ugonjwa. Goti tu, na goti si ugonjwa, ni mpangaji. Jirani amenipa mapazia. Sasa ninayaona kila siku bila kuitwa.

Roboti zako zinanichekesha kwa sababu ugonjwa wao niliuugua mimi, na wewe ndiye ulinitibu, umesahau tu. Ulikuwa na miaka minane. Asubuhi nilipeleka ujumbe stoo kuu, ng'ambo ya uwanja, kwamba nahitaji beringi kubwa haraka, mashine ya watu imesimama. Kufika saa nne sijaona kitu. Nikafunga dirisha langu, nikavuka uwanja, nikasimama dirishani kwao. Dirisha lao limefungwa. Nikasema, mwenye stoo katoka kidogo, ngoja nimsubiri. Mwenye stoo kuu naye, yule tuliyekuwa tunamwita Saini kwa sababu hakutoa hata msumari bila saini, alikuwa amebeba beringi yangu mwenyewe, ameileta dirishani kwangu. Amekuta nimefunga. Naye akasema, katoka kidogo, ngoja nimsubiri. Asingemwachia mtu mwingine, alitaka saini yangu.

Tulisimama hivyo mpaka kengele ya chakula. Mimi kwake, yeye kwangu, na uwanja katikati. Kila mtu anamlaani mwenzake kwa uvivu. Wewe ukatoka shule ukapita kwangu, ukamwona, ukavuka ukanikuta, ukaniuliza, "Mjomba, unamsubiri nani? Mwenyewe yuko kwako." Siku ile nilikununulia soda mbili.

Toroli yako na mkono wako kila mmoja amefunga dirisha lake akaenda kusimama kwa mwenzake. Nani atapokea? Tangu siku ile mimi na Saini tuliweka utaratibu: ukipeleka ombi, liache kwenye sanduku lao, urudi kwako ufungue dirisha, uhudumie watu. Jibu likija wakugongee. Usisimame kwa mwenzako umeduwaa. Sijui kwa roboti hilo linaandikwaje, lakini kwa watu lilifaa miaka yote niliyokuwa pale.

Watoto wa paka wanne wamepata kwao. Wa tano yuko hapa, analala kwenye koti langu la kazi.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Imefanya kazi. Sasa mkono ukiuliza uzito hausimami. Unaacha ombi lake, unarudi kusikiliza, jibu likifika unaitwa. Toroli vile vile. Jana zilipeana maboksi mia mbili na kumi bila kukwama, bosi akapiga makofi peke yake katikati ya ghala. Mwenzangu wa nyaya amekubali kwamba hazikuwa nyaya, na anasema atakununulia soda mbili akikuona.

Nakushukuru kwa moyo wote. Na nimekasirika kwa moyo huo huo, kwa hiyo utanivumilia.

Ulipoulizwa na mashine ulijibu kwa barua moja, ukurasa mzima, na kicheko juu yake. Mimi nakuuliza tangu Machi. Umeniandikia mapazia, paka, bati. Naijua idadi ya paka vizuri kuliko ninavyojua unachokitaka wewe. Na umeandika "miaka yote niliyokuwa pale", nimeiona. Na fomu safi nyingine.

Nilikuja kwako na miaka sita na mfuko mmoja, baada ya kumzika mama. Ulikuwa kijana. Watu walikuwa wanakuletea habari za wachumba, nawasikia nikiwa chini ya dirisha, na wewe unasema, "Nina mtoto wa dada yangu, nafasi haipo." Nilikua nikilisikia hilo. Sasa niko mbali, nafasi ipo, na wewe huniiti. Ninachokifikiria ni kwamba nilikuwa mzigo na umeutua, na una adabu mno ya kuniambia. Kama ndivyo, sema. Hapana nayo ni jibu, nitaishi nayo. Ninachoshindwa kuishi nacho ni kusimama.

Programu huwekewa kikomo cha kusubiri, ikipita hapo inaendelea na mengine. Kikomo changu ni tarehe 15 Agosti, saa kumi na moja jioni. Ningeweza kupiga kwa jirani siku hiyo, lakini ungesema mko salama. Sitapiga. Natamani kusikia sauti yako mpaka nakereka, lakini sitapiga.

Mama Maswali


16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Jana niliomba ruhusa, nikakaa posta tangu mchana mpaka wakashusha mlango. Mama wa dirishani alishanijua, alikuwa anatikisa kichwa kabla sijafika. Nikarudi kazini nikaikuta karatasi juu ya meza yangu, na kalamu juu yake.

Nimesaini. Miaka mitatu.

Usijilaumu kwa lolote. Mlishe paka.

Mpwa wako


20 Julai

Kwa Mama Maswali,

Marahaba, mtoto wangu. Leo sina habari za jirani.

Dirisha lilifungwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. Karakana imehamishwa, stoo zimeunganishwa, na mimi nimefikisha miaka yangu. Walinipa saa ya ukutani wakanishika mkono. Fomu zilizobaki zilikuwa zinakwenda kuchomwa, nikaziomba. Zote nimekuwa nakuandikia kwenye meza ya jikoni. Koti la kazi nalivaa asubuhi, nafika mpaka kona ya barabara, narudi. Jirani anajua, nilimwapisha. Stuli yako niliibeba begani siku ile ya mwisho pamoja na kopo lake la grisi, ipo hapa karibu na mlango.

Sikukwambia kwa sababu ungerudi mbio. Ungerudi kwa kunihurumia, mzee hana kazi, goti bovu, nyumba inavuja. Sikutaka urudi hivyo. Nilitaka ukae huko ung'ae, na nikawa nakaa hapa nasubiri barua yako nyingine. Hiyo ndiyo kweli.

Umeniuliza kama ulikuwa mzigo. Miaka thelathini na moja nimepitisha vitu dirishani, beringi, mikanda, misumari ya kila namba, na hakuna hata kimoja nilichokitazama kikiondoka. Ni kazi, unatoa, unasaini, unamwita anayefuata. Pale kwenye basi nilijaribu kukutoa vile vile. Nikakwambia yale maneno ya mlango ili sauti yangu isikatike mbele ya kondakta. Basi likaondoka, nikabaki nimesimama kwenye kile kituo mpaka watu wakaniuliza nakwenda wapi. Hukuwa mzigo, mpwa wangu. Hao wachumba niliwaambia nafasi haipo kwa sababu kweli ilikuwa imejaa, na nilipenda ilivyojaa.

Tatizo langu ni jingine, na nimeliona juzi nilipochukua fomu nikutumie jibu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nusu ya chini, kwenye Ipo, Haipo, Inakuja, nikakaa hapo na kalamu saa nzima sijui pa kutia alama. Hapo haikuwa sehemu yangu. Miaka yote hiyo nimejaza nusu ya chini tu. Nusu ya juu ni ya mwenye shida, na mimi sijawahi kuijaza, wala ya kazi wala ya nyumbani. Sikumwomba mtu kitu. Nimejaribu leo. Nimeandika herufi moja moja, utadhani naandika jina langu mara ya kwanza. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Wewe jaza chini, uwe huru, tia alama popote, zote nitazipokea.

Mjomba wako

Nyongeza, tarehe 8 Agosti. Barua hii imekaa kwenye mfuko wa koti siku kumi na tisa. Mlango wa posta nimeufikia mara tatu nikageuza. Leo jirani amenishika mkono kama mgonjwa, tumekuja wote, amesimama hapa nyuma yangu. Najua imechelewa. Naituma hivyo hivyo.


30 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yangu ya tarehe 16 utaipata kabla ya hii. Ikunje, uiweke chini ya mguu wa ile meza inayocheza.

Yako imefika juzi. Sikuweza kupanda nayo juu, niliisoma kwenye ngazi ya kwanza, watu wananiruka. Nililia mpaka mwenye nyumba akaniletea maji, akauliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, mjomba wangu amejaza fomu.

Programu niliyoiandika, jibu likifika baada ya kikomo, inalitupa bila kulisoma. Nimeiandika hivyo mwenyewe, na kwa dawa ni sawa. Lakini jana asubuhi nilikwenda kwa bosi na ile karatasi niliyosaini. Nikamwambia nimekosea kuisaini siku ile, nilikuwa na hasira na mtu ninayempenda. Akanisomea kifungu: notisi ya miezi sita, ndipo mtu anaweza kuondoka. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha fomu yako. Aliisoma polepole, nusu ya juu yote, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu ndiye ile kampuni?" Nimeandika notisi pale pale mezani kwake.

Miezi sita ni mingi, Mjomba. Nimeihesabu mara kadhaa, na haikupungua hata mara moja. Kila asubuhi nitakuwa nakuona akilini ukifika kona na kurudi. Usivae tena lile koti, mwachie paka. Na nenda kwa jirani Jumapili hii saa nne asubuhi, na nyingine zote. Nitapiga. Ole wako useme mko salama.

Ulisema hutanifungulia mlango nikirudi kwa ajili yako. Jiandae kufungua, maana sina ajili nyingine.

Nakurudishia fomu yako. Nimejaza nusu ya chini.

Mama Maswali


KINACHOOMBWA: Mpwa.
IDADI: Mmoja. Sina mwingine.
KAZI YAKE: Hakuna kazi. Kukaa tu.
HALI: Alivyo.
MWOMBAJI: Mjomba.

JIBU: Inakuja.
TAREHE: 4 Machi.
MAELEZO: Kopo la grisi liondolewe kwenye stuli.